Taa ya Ijumaa

Pikipiki yangu ilikuwa na ugonjwa wa siku moja tu kwa wiki. Jumatatu mpaka Alhamisi ilikuwa nzima kabisa. Ijumaa alasiri, nikiteremka kutoka Mgeta kwenda Morogoro mjini, taa ya mbele ilizima njiani, mahali popote ilipojisikia. Jumamosi nikiifikisha kwa fundi, anawasha, inawaka. Fundi ananitazama kwa ile huruma ambayo mafundi wamewawekea akiba wanawake wenye pikipiki, kisha ananiambia, "Dada, mbona inawaka?"

Nilifika mahali nikaichukia sentensi hiyo kuliko ninavyoichukia baridi ya Mgeta, na baridi ya Mgeta naichukia sana. Fundi wa kwanza alibadilisha balbu. Wa pili akasema balbu haina kosa, kosa ni la tundu lake, akaweka jipya. Wa tatu, wa Msamvu, alinihutubia kwa kirefu jinsi swichi za siku hizi zinavyotengenezwa kwa plastiki laini, akang'oa ya kwangu, akafunga nyingine ambayo nayo ilikuwa ya plastiki laini. Wote waliniaga taa ikiwaka vizuri, na wote waliniahidi kwamba sasa mambo yamekwisha. Ijumaa iliyofuata ilizima.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kwetu ni Singida, kwenye tambarare, ambako mtu akija kwenu unamwona tangu akiwa mdogo kama kuku, mpaka akifika umeshachemsha chai. Nikapangiwa Mgeta. Nyumba yangu ya mwalimu, nikifungua mlango naona mlima, nikifungua dirisha naona mlima mwingine, na mvua ikinyesha sioni chochote. Watu wa huko wanalima njegere na karoti kwenye miteremko ambayo mimi siwezi hata kusimama, na wanashangaa mgeni akisema pamembana. "Pamekubana na hewa yote hii, mwalimu?" waliniuliza. Hewa ilikuwepo, sikatai. Kilichokosekana ni mahali pa kutokea.

Uhamisho una njia yake. Unatafuta mwalimu wa mjini anayetaka kuja ulipo wewe, mnabadilishana. Kwenye kundi letu la WhatsApp niliweka tangazo langu mara nyingi mpaka watu wakalizoea, wakawa wanaliwekea alama ya kucheka. Mwalimu mmoja tu wa mjini aliwahi kuniuliza kwa dhati kama huko kuna mtandao. Nikamwambia ukweli, kwamba upo, ila mpaka upande juu ya jiwe lililo nyuma ya vyoo vya shule. Hakuandika tena.

Ningevumilia hayo yote kama mwanangu angekuwa nami. Alipokuwa mchanga kifua kilimbana vibaya, nikashuka naye hospitali nimemfunga ndani ya sweta langu. Daktari akasema mtoto huyu baridi ya milimani haimfai. Mama mkwe wangu alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Nilimwona uso, nikajua keshaamua.

Ulipofika wakati wa kumwachisha ziwa, alipelekwa kwa bibi yake Kihonda, kama watoto wengi wanavyopelekwa kwa bibi zao. Mtoto akikaa mbali na ziwa analisahau, ndiyo maana ya kumpeleka. Baada ya wiki chache anarudi kwa mama yake akiwa anakula ugali na maisha yanaendelea. Wangu hakurudi. Kwanza ilikuwa mvua, halafu msimu wa baridi, halafu kikohozi kidogo, halafu mvua tena. Kila mara kulikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa za kweli. Baba yake ni dereva wa malori ya masafa, leo Tunduma, kesho kutwa Zambia, akipiga simu ananiuliza, "Mtoto mzima?" kana kwamba ni mimi ninayelala naye.

Mama mkwe ni mtu mwema. Nalisema hili mapema, kwa sababu ingekuwa rahisi zaidi kwangu kama angekuwa mbaya. Angekuwa mbaya ningegombana naye, ningemchukua mwanangu nikaondoka nikipiga mlango. Lakini utagombana vipi na mtu aliyemnenepesha mwanao, anayemkatia kucha, anayekukaribisha kwa maji ya moto ya kuoga? Na isitoshe, ni yeye aliyebuni njia ya kumfanya mtoto asinisahau.

Nyumba yao iko mwisho wa barabara ya vumbi iliyonyooka. Kila Ijumaa jua likianza kuzama, mama mkwe alimbeba mtoto mpaka barazani, akamwelekeza uso kule barabara inakoanzia. Pikipiki zinazoingia mtaa ule si nyingi. Taa ikikata kona tu, anamwambia, "Mama huyo! Mama huyo anakuja!" Mtoto anapiga makofi. Nilikuwa nayaona yale makofi kwa mbali, mikono midogo ndani ya mwanga wangu, na kila kitu cha wiki ile kinanitoka mwilini. Nilikuwa nazima injini nikiwa bado nimeikalia, navua helmeti, na mtoto analetwa kwangu akiwa kimya, akiangaza macho huku na huku. Nilidhani ni usingizi.

Pikipiki yenyewe niliinunua kwa ajili ya Ijumaa. Gari la abiria linateremka alfajiri, na Ijumaa alfajiri mimi nina kipindi. Alasiri barabara ile inabaki ya malori, yanapanda matupu kufuata mboga ili yateremke nazo na kuwahi masoko ya Dar. Kwa hiyo nilijifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, darasa la tano wakinishangilia na kunielekeza, na nikaanza kuteremka mwenyewe. Kwa miezi ile ya mwanzo, kabla taa haijaanza visa, nilikuwa mtu mwenye furaha siku moja kwa wiki, na siku moja si haba.

Taa ilipoanza kuzima, kila kitu kiliharibika. Mgeta ukungu unashuka alasiri bila hodi. Jua lipo, watoto wanacheza mpira, ukigeuka tena goli halionekani. Bila taa kwenye ukungu hujui lori liko wapi, na dereva wa lori hajui kama upo duniani. Tochi ya simu niliijaribu, niliifunga kwenye usukani kwa mpira. Inakuonyesha ukungu ulivyo mweupe, basi. Ijumaa kadhaa nilirudi juu nikilia kwa hasira, nikalala, nikashuka Jumamosi kulipokucha.

Jumamosi hizo nilifika mchana kweupe. Mtoto alinichungulia akiwa nyuma ya kanga ya bibi yake. Akiambiwa asalimie, anasalimia, "Shikamoo," vizuri kabisa, kama anavyowasalimia majirani, kisha anaikumbatia miguu ya bibi. Nikimnyanyua anakuwa mgumu mikononi.

"Amenuna tu," alisema mama mkwe. "Jana amekusubiri mpaka kasinzia. Anakuona umemdanganya."

Nilimwamini. Nilifurahi hata, kwa sababu mtoto anayenuna ni mtoto anayekujali. Nikajiwekea kichwani kwamba dawa ni moja tu, nifike Ijumaa, kwa wakati wake, taa yangu ikiwaka, na mwanangu ananirudia.

Kisha wiki moja mama mkwe alinipigia simu. Nilikuwa juu ya lile jiwe langu nyuma ya vyoo, upepo unavuma, nikaweka kidole kwenye sikio la pili ili nimsikie. "Mwanangu," akasema, "barabara ile itakuua. Kwa nini usiwe unakuja mwisho wa mwezi tu, kwa gari, ukiwa umetulia? Mtoto hana shida."

Nilimjibu, "Nitakuja Ijumaa hii, mama." Akasema sawa, kwa sauti ya mtu asiyeamini. Nilishuka kwenye jiwe nikiwa na maneno mawili matatu tu kichwani. Mtoto hana shida. Alikuwa amenipa habari njema, na ilinitisha. Nilijua kwamba nisipofika Ijumaa ile, huo mwisho wa mwezi utakuwa ndio utaratibu, halafu mwisho wa mwezi nao utakuwa mwisho wa muhula, na hakuna atakayekuwa amekosea.

Sasa nieleze mzigo, maana bila mzigo kisa hiki hakieleweki. Ukiwa na pikipiki Mgeta huteremki peke yako. Nyuma yangu kila Ijumaa kulikuwa na tenga la watu: karoti za mwalimu mkuu kwenda kwa dada yake, njegere za jirani kwenda kwa binti yake anayesoma, mfuko wa huyu, kifurushi cha yule, na kukataa ni kujitafutia jina. Mbele, juu ya tenki la mafuta, nilibeba cha kwangu: kiroba cha mama mkwe. Utaendaje kwa mkwe mikono mitupu, na mwanao analelewa naye? Msimu wa matunda nilimpelekea pichi na plamsi, msimu mwingine kolifulawa, nachagua moja moja kwa mkono. Nilikiweka mbele ili kisipondwe na karoti za watu. Nilikifunga kwa ukanda wa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu ya tairi, nikauzungusha kwenye shingo ya pikipiki, pale usukani unapozungukia, nikavuta mpaka ukalia, ili kisihame kwenye kona. Nilikuwa najivunia kufunga kwangu. Hata vijana wa bodaboda walinisifu.

Ijumaa ile niliwaruhusu watoto, nikafunga mzigo, nikaondoka. Ulikuwa msimu wa plamsi, kiroba kimejaa mpaka mdomoni. Ukungu ulinikuta mapema, chini kidogo ya Nyandira, ukaja kutoka bondeni kama moshi wa kuni mbichi, na nikawasha taa. Iliwaka. Nikaanza kuongea nayo. Niliiambia leo tu, nifikishe leo tu, kesho fanya unavyotaka. Nilipita kona ya kwanza, ya pili, nikaanza kupumua.

Kwenye kona kali ya kushoto ilizima.

Ilizima nikiwa katikati ya kona, na mbele yangu, ndani ya weupe ule, nikasikia lori linapanda. Nikapiga honi. Honi ililia vizuri, na indiketa nilizowasha kwa kupapasa zilikuwa zinapepesa kama kawaida, kama vile hakuna lililotokea. Nilijitupa pembeni na pikipiki yangu mpaka bega langu likagusa ukuta wa udongo. Lori likapita, refu, haliishi, dereva wake hajui kabisa kwamba alinipita karibu namna ile. Lilipokwisha nilibaki nimeegemea ule udongo.

Kwenye kona ile kuna nyumba. Mwenye nyumba alitoka aliposikia honi, mama wa makamo ya mama mkwe wangu, amevaa sweta la kiume juu ya kanga, mkononi ana ungo wa njegere alizokuwa anamenya.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. We mwalimu, utakufa hapo. Ingiza hilo pikipiki lako uani."

Tulilisukuma pamoja mpaka mbele ya mlango wake. Akarudi kwenye kigoda chake kizingitini, akaendelea kumenya. Nilitazama barabara, haikuwepo. Nilitazama nilikotoka, hakukuwepo pia. Simu haikuwa na mtandao. Pale nilipokuwa, kwenye kiua cha watu, na ukungu umefunga pande zote, nilijiona wazi jinsi nilivyo: siwezi kwenda, siwezi kurudi, siwezi hata kumwambia mtu kwamba siwezi. Niliogopa. Kisha nikakasirika, na mimi hasira ndiyo huwa inanisaidia.

Nikaiwasha pikipiki tena nione. Nikabonyeza swichi ya taa, ile mpya, ya plastiki laini. Ikawaka, nyeupe, nzuri, ikamulika ukuta wa jiko lake la nje.

Niliipiga teke. Yule mama akainua macho kutoka kwenye njegere zake. "Lina kosa gani?" akauliza.

"Halina kosa lolote, mama. Ndilo kosa lake."

Niliamua kuisogeza niiegemeze ukutani, nikavuta usukani kuelekea kushoto. Taa ikafa. Nikasema neno ambalo mwalimu hapaswi kulisema. Yule mama hakujali lile neno. Alikuwa amekaa nyuma ya pikipiki, mlangoni, na akaniambia tu, kama mtu anayetaja kwamba mvua imeanza, "Na huku nyuma nako kumekufa."

"Kumekufa nini?"

"Kile chekundu. Kilikuwa kinawaka, sasa hakiwaki."

Hapo nilisimama. Miezi yote ile sikuwahi kujua kwamba taa ya nyuma nayo inazima. Ningejuaje? Ukiwa peke yako juu ya pikipiki huwezi kujiona mgongo. Mafundi nao walisimama mbele, wote, kwa sababu lalamiko langu lilikuwa la mbele. Hakuna aliyewahi kukaa nyuma yangu.

Nikaanza kufikiri kama mtu mwenye akili. Balbu mbili haziwezi kufa kwa pamoja na kufufuka kwa pamoja, kwa hiyo si balbu, wala si tundu la balbu. Kwenye pikipiki yangu honi na indiketa zinakula betri, na zenyewe ziko hai. Taa kubwa na ile nyekundu ya nyuma zinalishwa na injini yenyewe: injini ikilala nazo zinalala, ukipunguza mafuta zinafifia, ukivuta zinang'aa. Umeme wao unatoka kwenye injini kwa waya mmoja, unapita chini ya tenki, unakatiza kwenye shingo, unafika kwenye swichi, ndipo unagawanyika, huu mbele na huu nyuma. Taa zote mbili zikifa pamoja, basi ubaya uko kabla ya kugawanyika.

"Mama," nikamwambia, "naomba uniangalizie hicho chekundu. Kikizima useme."

Nikageuza usukani kulia. "Kipo," akasema. Nikaurudisha katikati. "Kipo." Nikaupeleka kushoto. "Kimekufa." Nilirudia, akajibu vilevile. Nikafungua tenga la watu, nikaliweka chini, nikageuza kushoto. "Kimekufa." Nikafungua kiroba cha mama mkwe, nikakishusha, nikalegeza ule mpira, nikageuza kushoto.

"Kipo," akasema. Kisha, "Kinapepesa. Lakini kipo."

Niliinama pale shingoni. Pale mpira ulipokuwa unakaa kila Ijumaa, lile fungu la nyaya lilikuwa limelala bapa, limekandamizwa kwenye chuma. Nilimwomba kisu, nikachana gamba la nje, nikazipapasa nyaya moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa ngumu, zina mfupa, isipokuwa moja. Hiyo moja ngozi yake ilikuwa nzima, haina hata mchubuko, ila mahali pamoja ililegea kama utambi wa jiko la mafuta ya taa. Ndani shaba ilikuwa imekatika. Usukani ukiwa umenyooka ncha zinagusana, taa inawaka, fundi anasema dada mbona inawaka. Ukifunga mzigo na kugeuza kushoto, zinaachana. Niliuvuta kidogo tu, ukanyumbuka kama uzi.

Kumbe ni mimi, na zawadi zangu. Kila Ijumaa nilikuwa nafunga kiroba cha mkwe juu ya waya wa taa yangu, na nakaza vizuri, na nasifiwa. Mjini nashusha matunda kwanza, ndipo naenda kwa fundi. Nilicheka, na kicheko kile kilikuwa karibu sana na kilio. Yule mama naye akacheka kunisindikiza, hajui tunacheka nini.

Nilimenya ncha za ule waya kwa meno, nikazisokota pamoja. Tepu sikuwa nayo. Nikakata kipande cha ule ule mpira wa kufungia, nikakizungusha juu ya kiungo mara nyingi, nikakifunga kwa uzi alionipa, nikaliacha fungu la nyaya lining'inie kwa nafasi, lisibanwe na kitu. Nikawasha. Kulia, kushoto, kulia, kushoto mpaka mwisho, na kutoka nyuma yangu ile sauti inaita, "Ipo! Ipo! Ipo bado, mwalimu, acha kuichokoza!"

Sasa kiroba hakikuwa na pa kukaa. Nyuma kulikuwa na tenga la watu, na mali ya watu haiachwi njiani. Nikakisogeza mlangoni kwake.

"Chukua, mama. Plamsi hizo, nilikuwa nampelekea mkwe."

"Na mkwe je?"

"Leo nitakwenda hivihivi."

"Hujamjua mkwe wewe," akasema, lakini akakipokea, na akaenda mbele yangu mpaka barabarani kunisikilizia malori. Aliposema hamna kitu, nikaondoka.

Siwezi kueleza furaha ya kuteremka mlima ule na taa. Kila kona ya kushoto niliiingia nimejikaza, na kila kona niliitoka na mwanga wangu. Ukungu ulianza kuchanika nilipokaribia chini, na Sangasanga nilipoishika lami anga lilikuwa safi, jua linaondoka. Nilipita Mzumbe, nikapita Msamvu katikati ya mabasi na makelele, sikumchukia mtu yeyote, hata yule fundi. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza nilipoingia Kihonda. Nilikuwa nimewahi. Mikono mitupu, meno yananuka waya, nimewahi.

Nikakata kona ya mtaa wao. Mwanga wangu ukanyooka barabara yote mpaka mwisho, ukaifikia baraza, na barazani mama mkwe alikuwa amesimama na mtoto kiunoni. Nikaona mdomo wake unasema. Nikaona makofi.

Siku nyingine zote nilizima injini nikiwa bado nimekaa. Siku hiyo nilikuwa na haraka. Niliweka stendi, nikaacha injini ikiunguruma, nikavua helmeti nikaitupa chini, nikachuchumaa pembeni ya pikipiki na mikono yangu wazi. Mtoto alijipindapinda mpaka bibi yake akamshusha. Akaja mbio, anapepesuka, anacheka, uso wote unang'aa.

"Mama! Mama! Mama!"

Akanipita. Alipita chini ya mkono wangu wa kushoto, nguo yake ikanigusa, akaenda kusimama mbele ya taa. Akaweka viganja vyake viwili kwenye kioo. "Mama," akaiambia, taratibu, kama mtu aliyefika.

Mama mkwe alishuka barazani. Niliona kwamba ameona, kwa sababu alijifunika mdomo na ncha ya kanga. Akamshika mtoto bega, akamgeuza kwangu. "Mama ni huyu, mjukuu wangu. Mama si huyu hapa?"

Mtoto alinitazama. Ni mtoto aliyefundishwa adabu. "Shikamoo," akasema.

"Marahaba," nikajibu, kwa sababu ningejibu nini.

Akaigeukia taa yake. Nilifikiria zile Ijumaa zote, injini ikizima, yeye akiletwa mikononi mwangu na kuangaza macho kila upande. Hakuwa na usingizi. Alikuwa anatafuta mama yake amekwenda wapi.

"Zima pikipiki, mwanangu," mama mkwe akaniambia, sauti ndogo sana. "Zima uingie ndani, umechoka."

Nikainuka, nikashika ufunguo. Mtoto alikuwa anakipapasa kioo, anakisimulia mambo yake, paka, uji, sijui nini. Nikaachia ufunguo. Nikahamisha mkono kwenye mpini wa mafuta, nikabaki nimesimama pale pembeni yao, nikivuta kidogo kila taa ilipofifia.